Kujua Kuogelea Si Kujua Maji

Mtoto wa pwani hujifunza kuogelea kama mtoto wa bara ajifunzavyo kupanda miti. Hafundishwi darasani, bali huwafuata wenzake wakubwa, hunywa maji ya chumvi mara mbili tatu, na baada ya siku chache huelea kama wao. Hilo ni jambo jema, na yafaa kila mvulana na kila msichana ajifunze kuogelea. Lakini wazee wetu walisema, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Neno hili halikusemwa kwa ajili ya wasiojua kuogelea tu, lamhusu kila mtu. Katika somo hili tutaona ya kuwa kuogelea ni elimu moja, na kuyajua maji ni elimu nyingine. Aliye na ile ya kwanza bila ya hii ya pili huenda akawa hatarini kuliko yule asiyejua kuogelea kabisa.

Wala jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Katika mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuwakumbusha watu wote namna ya kujikinga na kifo hicho.

1. Mwogeleaji mashuhuri

Palikuwa na Mwingereza mmoja, jina lake Matthew Webb, aliyezaliwa mwaka 1848, naye alikuwa baharia tangu ujana wake. Kati ya Uingereza na Ufaransa pana mlango wa bahari, na mahali palipo pembamba upana wake ni kilomita 33 hivi. Tarehe 24 Agosti 1875 Webb alijitupa majini huko Dover, akaogelea mchana na usiku kucha, hata siku ya pili yake akafika Calais, katika nchi ya Ufaransa. Alikaa majini saa 21 na dakika 45. Alipokaribia mwisho wa safari, mikondo ya bahari ilimzuia kwa muda mrefu asifike pwani, naye akavumilia mpaka akafika. Kabla yake hakujulikana mtu aliyevuka mlango ule kwa kuogelea bila ya kitu cha kumsaidia kuelea.

Sifa zake zikaenea pande zote. Hata mwaka 1883, tarehe 24 Julai, alikwenda kwenye mto Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, akakusudia kuogelea katika maji yaendayo kwa kasi chini ya maporomoko makubwa. Akaingia majini mbele ya macho ya watu. Maji yakamchukua, yakamzungusha, yakamzamisha. Na maiti yake ilionekana siku chache baadaye.

Basi fikirini. Mikono ilikuwa ile ile, na mtu ni yule yule. Kwa nini alishinda bahari akashindwa na mto? Ni kwa kuwa nguvu za mtu zina mpaka, lakini maji yaendayo kasi hayachoki.

2. Maji yajaayo na kupwa

Sasa na tuitazame bahari yetu wenyewe, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Mtwara. Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Tangu kujaa hata kupwa ni muda wa saa 6 na kidogo, na kila siku majira hayo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa sababu hiyo, baada ya juma moja, saa ile ile uliyokuta mchanga mkavu huenda ukakuta kilindi. Mtoto asemaye, "Hapa napajua, juma lililopita maji yalinifika magotini," hajasema neno la kumlinda.

Tena kujaa kwa maji si sawa siku zote. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huja bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Huko Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua huweza kukaribia mita 4, yaani kama kimo cha watu wawili, mmoja juu ya mwingine. Mwezi uwapo nusu, maji huwa mafu, na tofauti hiyo hupungua. Maji mengi ya bamvua hayana budi kuingia na kutoka katika muda ule ule wa saa 6. Kwa hiyo huenda kwa kasi zaidi. Mvuvi hutazama mwezi kabla ya kutazama bahari, na mtoto mwenye akili hufanya vivyo hivyo.

Siku za bamvua watu wengi huenda mwambani kutafuta pweza na chaza. Hapo pana mtego usioonekana. Mwamba ulio mbali na pwani mara nyingi ni mahali pa juu, na kati ya mwamba na ufuo pana bonde. Maji yanaporudi huanza kulijaza lile bonde lililo nyuma yako, ilhali wewe ungali umesimama pakavu ukiinama kutazama mashimo ya pweza. Ugeukapo kwenda nyumbani, njia uliyoijia imekuwa bahari. Kwa hiyo aendaye mwambani na aulize kwanza maji yatageuka saa ngapi, na aanze kurudi mara yageukapo, hata kama kikapu chake ni kitupu. Tena avae viatu, kwani mawe ya mwambani hukata kama kisu, na katika mashimo yake wamo wanyama wenye miiba.

3. Mto uliomo baharini

Mawimbi hurusha maji juu ya mwamba na kuyaleta ufuoni. Maji hayo hayakai huko. Hayana budi kurudi kilindini, nayo hutafuta njia iliyo rahisi. Hukusanyika mahali palipo na bonde mchangani, au penye mlango katikati ya mwamba, yakatoka kwa nguvu kama mto. Huo ndio mkondo. Maji yanapokupwa, mlango wa mwamba huwa na nguvu zaidi, kwa kuwa maji yote yaliyokuwa ndani hupita hapo.

Ubaya wa mkondo ni kwamba machoni hupendeza. Mahali pengine mawimbi huvunjika kwa kelele na povu jeupe, lakini penye mkondo pametulia, maji ni ya rangi nyingine, pengine meusi kwa kina, pengine yamechafuka kwa mchanga. Mtoto asiyejua husema, "Twendeni pale palipotulia." Kabla ya kuingia, simama kwanza, utazame kwa muda wa dakika chache. Ukiona povu, majani, au kijiti kinakwenda baharini badala ya kuja ufuoni, jua ya kuwa hapo ndipo mto ulipo.

Watu wengi hudhani mkondo humvuta mtu chini. Sivyo. Humchukua mbele, wala haumpeleki mbali bila mwisho. Ukishapita mawimbi na mlango wake hupoteza nguvu. Basi kinachomwua mtu si kuchukuliwa. Kinachomwua ni kushindana na mkondo, akielekea ufuoni moja kwa moja, mpaka mikono yake ichoke.

4. Mfano wa ndugu wawili

Tuchukue mfano. Ndugu wawili walikwenda kuoga siku ya bamvua, wakati maji yalipoanza kupwa. Mkubwa alikuwa mwogeleaji kupita wote shuleni kwao, na mdogo alikuwa bado anajifunza. Mpira wao ukachukuliwa na maji, nao ukaelekea mlangoni mwa mwamba. Yule mkubwa akaufuata. Akaupata upesi, akacheka, akaunyanyua juu ili mdogo wake auone. Lakini alipogeuka kurudi akaona ya kuwa ufuo unakwenda mbali naye. Akauacha mpira, akaogelea kwa nguvu zake zote. Alipoinua kichwa, minazi ilikuwa midogo zaidi kuliko kwanza.

Mdogo wake akavua shati ili amfuate. Karibu naye palikuwa na mzee mvuvi aliyekuwa akitengeneza nyavu zake, akamshika mkono, akasema, "Mjukuu wangu, ukiingia wewe, leo mama yenu atalia mara mbili."

Kisha mzee akapiga kelele kwa sauti kuu, "Lala chali! Acha kushindana! Twaja!"

Yule kijana alisikia. Moyo wake ulimwambia aendelee kupigana na maji, lakini mikono ilikuwa imekwisha choka, naye akatii. Akalala chali, akafumbua mdomo kupumua, akainua mkono mmoja ili aonekane. Maji yakamchukua, akapita mlangoni, akatoka nje ya mwamba. Na huko nje mkondo ukalegea, kama mzee alivyojua.

Mzee na yule mdogo wakasukuma mtumbwi majini. Walipomkaribia, mzee hakumpa mkono, bali alimnyoshea upondo. Wala hakumwacha apande kwa ubavuni, mtumbwi usije ukapinduka. Akamwamuru aende nyuma ashike tezi, apumzike kwanza, ndipo akampandisha.

Walipofika ufuoni, yule kijana alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akasema, "Babu, mimi najua kuogelea. Shuleni hapana anishindaye."

Mzee akamjibu, "Nimeona, mjukuu wangu, nawe waogelea vizuri. Ndiyo sababu ulifika pale. Asiyejua kuogelea asingethubutu."

"Na mpira wetu?" akauliza mdogo.

"Mpira umekwenda zake," akasema mzee. "Mpira hununuliwa."

5. Mfa maji hukamata maji

Tazameni tena alivyofanya mzee yule, maana ndani yake mna elimu kubwa. Methali yasema, "Mfa maji hukamata maji." Mtu azamaye hukamata cho chote kilicho karibu naye, hata maji yenyewe, ambayo hayashikiki. Ukimwendea kwa mwili wako mtupu, atakukamata wewe. Hatakukamata kwa ubaya, hata akiwa ndugu yako akupendaye. Hofu imekwisha mwondolea akili. Atakupanda mabegani apate pumzi, nanyi mtazama pamoja. Hivyo ndivyo wanavyokufa watu wawili, au watatu, mahali alipokuwa akizama mmoja.

Basi umwonapo mtu azama, kwanza ita watu wazima kwa sauti. Pili, ukiwa ufuoni au gatini, lala kifudifudi usije ukavutwa, umnyoshee mti, upondo, kafi, au hata nguo yako. Tatu, akiwa mbali, mtupie kitu kieleacho: ubao, au dumu tupu lililofungwa vizuri kifuniko chake, na likifungwa kamba ni bora zaidi. Dumu la lita 20 likiwa tupu huweza kumshikilia mtu mzima juu ya maji. Kuingia majini ni kazi ya watu wazima waliofundishwa kuokoa. Si kazi ya mtoto, hata awe hodari namna gani.

Tena msingoje kelele. Watu hudhani azamaye hulia na kupiga maji kwa mikono. Mara nyingi haiwi hivyo, kwa kuwa asiyepata pumzi ya kutosha hana pumzi ya kulilia. Husimama wima majini, kichwa kimeinama nyuma, mdomo uko sawasawa na maji, na mikono yabonyeza maji kwa pande zote mbili kama apandaye ngazi isiyoonekana. Hutokea haya katika muda usiotimia dakika moja, kisha azama kimya. Kwa hiyo mchezapo majini, kila mtu na awe na mwenzake wa kumwangalia. Mwenzako aliyenyamaza ghafula, mwite jina lake. Asipojibu, huo ndio wakati wa kuita msaada.

6. Akishatolewa majini

Mtu akitolewa majini naye hapumui, haifai kumning'iniza kichwa chini, wala kumbonyeza tumbo ili atapike maji. Mambo hayo hupoteza wakati, na mwili wake wahitaji pumzi. Mlaze chali mahali pagumu, na mmoja akimbie kuita msaada. Inua kidevu chake na kulaza kichwa nyuma kidogo, mbane pua, mpulizie pumzi mdomoni mara 5, ukitazama kifua kiinuke. Asipoonyesha dalili ya uhai, weka mikono katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu na kwa haraka mara 30, kisha umpulizie pumzi mara 2. Uendelee hivyo bila kukata tamaa mpaka apumue au msaada ufike. Jifunzeni jambo hili kwa mwalimu au mwuguzi, mkiwa bado na nafasi ya kukosea. Akipata kupumua, mlaze ubavu, mfunike nguo, naye apelekwe hospitali siku ile ile hata akisema amepona, kwani maji yaliyoingia katika mapafu huweza kumdhuru baada ya saa kadha.

7. Maji yaliyotulia

Mwanafunzi wa mjini atasema, "Mimi naoga katika bwawa la kuogelea, lililojengwa kwa saruji, halina mawimbi wala mkondo." Ni kweli, lakini lina hatari zake. Upande mmoja maji humfika mtoto kiunoni, na upande wa pili humpita kichwa, ilhali juu maji ni sawasawa. Tazama tarakimu zilizoandikwa ukingoni, zionyeshazo kina. Usijitupe kwa kichwa mahali usipopajua. Kichwa kikipiga chini, shingo huvunjika, na mtu huweza kupooza maisha yake yote. Usikimbie juu ya sakafu iliyolowa. Wala msishindane kukaa chini ya maji kwa kuzuia pumzi. Aliyevuta pumzi nyingi kwa haraka kabla ya kuzama huweza kuzimia humo bila kujua, naye huzama kimya mbele ya wenzake wakidhani anashinda.

Na mtoto wa bara asijione yu salama. Shimo la mchanga lililojaa maji ya mvua, bwawa la kunyweshea ng'ombe, na mto uliofurika, vyote vina kingo zenye utelezi na maji yasiyoonekana chini. Maji yaliyotulia humdanganya mtu kama mkondo uliotulia.

8. Watu 276

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, twasoma habari za merikebu iliyomchukua mtume Paulo kwenda Rumi. Ikapigwa na dhoruba siku nyingi, hata ikakwama karibu na kisiwa cha Malta, ikavunjika. Ndani yake walikuwamo watu 276. Yule akida wa askari akaamuru wawezao kuogelea wajitupe kwanza, wafike nchi kavu. Na waliosalia wafuate, wengine juu ya mbao, wengine juu ya vipande vya merikebu. Hivyo wote wakafika pwani salama.

Angalieni neno hili. Wasiojua kuogelea waliokoka, kwa kuwa kila mmoja alishika ubao, nao wote walitii agizo. Matthew Webb, aliyekuwa mwogeleaji mashuhuri wa zamani zake, alikufa, kwa kuwa alitegemea mikono yake peke yake. Basi jifunzeni kuogelea, tena jifunzeni kwa bidii. Lakini kabla hamjaingia majini, ulizeni maji yanajaa au yanakupwa, tazameni povu linakwenda wapi, na jueni ni nani aliyebaki ufuoni kuwaangalia. Asiyepata majibu ya mambo haya matatu na akae mchangani siku hiyo. Bahari haihami, kesho ataikuta pale pale.

Maswali

1. Kwa nini Matthew Webb aliweza kuvuka mlango wa bahari, akashindwa na mto Niagara?
2. Bamvua huja lini? Eleza kwa nini mikondo huwa na nguvu siku hizo.
3. Ni mtego gani umpatao mtu akaaye mwambani mpaka maji yageuke?
4. Utautambuaje mkondo ukiwa umesimama ufuoni?
5. Mzee mvuvi alifanya mambo gani ili amwokoe yule kijana bila ya mtu mwingine kuzama? Yataje kwa utaratibu.
6. Eleza maana ya methali, "Mfa maji hukamata maji."
7. Tazama nyumbani kwenu, au karibu na mahali mwogapo. Andika majina ya vitu vitatu vinavyoelea, ambavyo vingefaa kutupiwa mtu azamaye.
8. Uliza mvuvi, au mzee ajuaye maji ya kwenu, ni mahali gani ambapo watoto hawapaswi kuoga, na kwa sababu gani. Andika majibu yake kwa maneno yako mwenyewe.